Maji ya Saa Nane

Wifi yangu wanamwita Jogoo. Sauti anayo, hilo sikatai, lakini jina lilitokana na kuamka. Kwenye ghuba yetu hajapata kutokea mtu wa kumtangulia kufungua mlango alfajiri, na nadhani majogoo wa jirani huusubiri kwanza ule mlango ulie ndipo wakumbuke kazi yao. Mimi ni dada wa mumewe, kwa hiyo nina ruhusa kamili ya kumsema. Wifi asiyemsema wifi yake ama anamwogopa ama hampendi, na mimi simwogopi.

Kazi yake ni kulea watoto wa chaza. Watu wakisikia hivyo hucheka, wanadhani ni utani wangu, maana chaza wanayemjua wao ni yule aliyekwisha fika kwenye sahani. Lakini chaza naye huanza kama sisi, mdogo asiyejiweza. Pale barabara ya lami inapoishia na mchanga kuanza ipo nyumba yetu ndefu ya mabati, na ndani yake yamepangwa matangi meupe yanayomzidi mtu kimo. Chumba cha mwisho ni changu. Humo napika chakula chao, yaani nakuza kwenye chupa kubwa vile vijimea vya baharini ambavyo jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja, ila vikiwa vingi maji yanageuka kijani. Chaza wakubwa, ambao tunawaita wazazi, hutiwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka watoe mayai, na kesho yake tangi linakuwa limejaa viumbe wadogo kuliko vumbi, wanaogelea. Ukiwamulika kwa tochi wanameta. Tunawalea hadi waweze kujishika kwenye maganda ya zamani, halafu tunawagawia wanachama. Wanachama ni familia za ghuba nzima, kila moja ina kamba zake baharini za kuning'inizia chaza. Mbegu ikikosekana kwetu, kamba zao zinabaki tupu.

Nyumba hii aliianzisha marehemu mama yangu na wenzake, na sheria yake kubwa ilikuwa moja: maji ya bahari yavutwe alfajiri. Maji ya alfajiri, alisema, yametulia, hayajatibuliwa na boti wala kupashwa na jua, na kama biashara ni asubuhi basi malezi ni kabla ya asubuhi. Na kweli, watoto wake walinawiri. Kaka alipomleta mchumba, msichana wa mjini mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi, mama alizitazama zile kucha kwanza, kisha uso. Akasema, "Mwanangu, hapa kwetu watu huamka." Basi siku ya kwanza baada ya harusi mama alikwenda kwenye pampu gizani kama kawaida yake, akamkuta bibi harusi amekwisha fika, kajifunga nguo kiunoni, kucha zote kazikata, maji yanaingia tangini. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo wakawa chanda na pete, na mimi mtoto wa kuzaliwa nikapangiwa nafasi ya pili.

Mama alipofariki, Jogoo alirithi pampu, na sheria akairithi pamoja nayo. Hakuna mvua, homa, wala uchungu wa kuzaa uliomfanya avute maji jua likiwa limetoka. Mtoto wake wa mwisho karibu azaliwe pale pale kwenye swichi.

Halafu watoto wa chaza wakaanza kufa.

Walianza kufa kidogo, ukadhani ni bahati mbaya. Msimu uliofuata wakafa zaidi. Msimu wa tatu ikawa leo unawaona wanaogelea, keshokutwa asubuhi unachungulia tangini maji yako kimya, na chini pametanda unga wa rangi ya waridi hafifu. Huo unga ndio wao. Jogoo alikuwa anauangalia akiwa ameshika ukingo wa tangi kwa mikono miwili. Kisha analimwaga, analisugua kwa brashi, analisuuza, analianika, anaanza upya. Alibadilisha machujio. Alibadilisha mabomba. Alipokosa cha kubadilisha akanigeukia mimi.

"Chakula chako kimechacha," aliniambia.

"Kimechacha? Njoo ukinuse. Labda ni mikono yako inanuka sabuni."

"Mikono yangu imelea watoto kabla wewe hujajua kuosha chupa!"

Tulinuniana kwa wiki nzima tukiwa ndani ya nyumba moja, tunapishana na ndoo kama watu wasiojuana, mpaka kaka akachoka kuwa mpeleka salamu. Na watoto waliendelea kufa, nimepika mimi au amepika yeye.

Hapo ndipo akaanza kuja yule binti tuliyemwita Mpima Maji. Alikuwa anafundisha chuoni, mwembamba, mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, na ndani ya mkoba kifaa chenye ncha ya kioo ambacho alikichovya majini kwa upole kama anampima mtoto homa. Alikuwa anakuja kwa basi, anashuka mchana jua la utosi, anakunywa maji ya kisima gilasi mbili mfululizo, ndipo anafanya kazi. Yeye ndiye aliyetueleza vizuri kinachotokea baharini. Moshi wa magari na viwanda na ndege, alisema, hauishii wote angani. Sehemu kubwa bahari inaumeza. Hewa ya ukaa iliyomo kwenye moshi ikiingia majini inayatia ukali, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Samaki mkubwa hatatambua leo wala kesho. Lakini mtoto wa chaza anajenga ganda lake la kwanza katika siku zake za mwanzo kabisa duniani, na maji yakiwa makali, ganda halishikani. Anajenga linayeyuka, anajenga linayeyuka, mpaka nguvu zinamwisha.

"Na joto je?" niliuliza, maana hata sisi tulikuwa tumeona matumbawe ya mlango wa ghuba yamegeuka meupe kama mifupa, na samaki waliokuwa wakicheza pale wamehama.

"Joto nalo linatoka huko huko. Mama mmoja, watoto wawili," alisema.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kila alipochovya kifaa chake kwenye maji yetu ya ghuba, kilisoma vizuri. Alikuwa anakikung'uta, anakisafisha, anachovya tena. "Yamebadilika kidogo, ndiyo, ila hayapaswi kuwaua," alisema.

"Lakini wanakufa," Jogoo alimjibu.

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na ukweli wao ulikuwa haukutani.

Mwenyekiti wa chama chetu alikuwa zamani dereva wa malori makubwa, na hata akiongea unaona anapanga gia. Aliitisha kikao, akakohoa, akasema mfanyabiashara mmoja wa saruji anaitaka nyumba yetu iwe ghala. Akasema yeye binafsi anaumia. Kisha akasema neno ambalo sijamsamehe: "Nyumba isiyozaa ni afadhali ipangishwe."

Watu walitazama miguu yao. Si kwamba walikuwa wabaya. Kamba zao zilikuwa tupu, na mtu mwenye kamba tupu huchoka kusubiri.

Jogoo alisimama. Nilitegemea awike, akaongea kwa sauti ya chini. Alisema wazazi waliobaki ni wachache, wanaweza kutoa mayai mara mbili tu kabla hawajachoka. Aliomba apewe hizo mara mbili. Zikishindikana, atafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe na ufunguo atampelekea mwenyekiti nyumbani. Mwenyekiti akapanga gia, akakubali. Uamuzi utatolewa kwenye mkutano wa kufunga msimu.

Tulipokuwa tunarudi aliniuliza, "Wifi, nikifunga mlango ule nitakuwa nani?"

Nikamwambia atembee, magoti yangu yanauma.

Kwa uzao wa kwanza alizidisha juhudi. Yaani alianza kuamka kabla ya kuamka kwake. Alikuwa amejaza matangi makubwa yote kwa maji ya alfajiri, amebakiza tangi dogo la pembeni, umeme ukakatika. Pampu ikanguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Umeme ulirudi saa nane mchana, wakati wazazi wamekwisha toa mayai, matangi makubwa yamepata fungu lao, na mabaki yapo kwenye ndoo. Nilimwambia ayamwage. Akaitazama ndoo.

"Kumwaga siwezi," alisema. "Basi acha niwawekee maji ya wavivu."

Akavuta maji yale ya saa nane kwa uso wa mtu anayemeza dawa, akajaza tangi dogo, akamimina mabaki. Tangi lile akalipa jina hapo hapo: Tangi la Wavivu. Hakulitazama tena. Mimi ndiye niliyekuwa nalitilia chakula nikikumbuka.

Siku ya tatu nilimsikia anaita jina langu la utotoni, ambalo hulitumia tu penye msiba. Nikakimbia. Matangi makubwa yote yalikuwa kimya, unga umetanda chini, na yeye kasimama katikati yao na tochi mkononi. Nilimshika bega. Nikamwambia akae. Hakukaa. Aliburuta miguu hadi pembeni kulimwaga na lile dogo ili amalize kazi, akamulika kwanza, kwa mazoea tu.

Walikuwa wanameta. Tangi zima, juu mpaka chini, wanazunguka katika mwanga wa tochi, wazima wote.

"Umefanya nini humu?" aliniuliza kwa ukali.

"Mimi? Sijafanya kitu!"

"Umebadilisha tangi. Umetia dawa."

"Wifi, ningekuwa na dawa ningekutilia wewe chai ulale."

Tulimpigia simu Mpima Maji. Jogoo alimweleza yote akipiga kelele kama kawaida yake, maana anaamini simu ni umbali. Nikasikia upande wa pili: "Mama, yale maji ya matangi makubwa huyavuta saa ngapi?"

"Alfajiri. Siku zote alfajiri."

"Na mimi huwa nakuja kupima saa ngapi?"

"Si ukishashuka kwenye basi? Saa saba, saa nane hivi."

"Leo nalala kwenu," alisema.

Alilala kwangu, na alfajiri tulikuwa watatu kwenye ngazi za pampu, mimi nikipiga miayo hadi taya inalia. Alichovya kifaa. Akakitazama, akakitoa, akakisafisha, akachovya tena. Jua lilipotoka akapima tena. Akapima watu walipokwenda shuleni, akapima adhuhuri, akapima saa nane. Siku nzima hakutoka pale ngazini, alikula akiwa amesimama. Mwishowe akatuita tukakaa.

Alisema bahari hupumua. Usiku majani yaliyo chini ya maji na vijimea vyote na wanyama wote wanatoa ile hewa ya ukaa, na hakuna anayeila, kwa hiyo inarundikana mpaka kunapopambazuka. Jua likiwaka, majani yanaamka na kuila, na kufikia alasiri maji yamepungua ukali. Maji ya alfajiri ndiyo makali kuliko ya saa zote. Zamani ukali ule ulikuwa mdogo, watoto waliuvumilia. Sasa bahari yenyewe imebeba moshi wa dunia nzima, na kile kidogo cha alfajiri kikiongezwa juu yake, kinavuka mpaka.

"Nami nilikuwa napima saa nzuri na kuondoka," alimalizia, akijipiga paji la uso. "Basi la asubuhi lingekuwepo tungejua miaka miwili iliyopita."

Jogoo hakumcheka. Alikuwa anaitazama pampu.

"Kwa hiyo nilikuwa nawaamkia ili niwaue," alisema.

Nimemwona wifi yangu akizaa na akizika, sijapata kumwona uso ule. Nikapandwa na hasira, na mbaya zaidi ni hasira isiyo na mlango wa kugonga, maana huwezi kwenda kugombana na moshi. Nikamwambia, "Sikiliza wewe. Mama hakukosea. Wewe hukukosea. Maji yale yalikuwa mazuri, na kuna watu wameyaharibu, wala hawakujui wewe wala hawamjui chaza. Usijibebeshe mzigo wa wenye magari na viwanda. Wale wa tangi dogo hawatoshi kamba zote, lakini tunao wazazi wa uzao mmoja. Lia leo, kesho tufanye kazi."

Alilia. Mpima Maji naye akalia, sijui yeye alikuwa anamlilia nani. Mimi nilikwenda kuosha chupa.

Kazi ngumu kuliko zote katika siku zilizofuata ilikuwa kumlaza Jogoo. Mwili ulikuwa umezoea. Saa ile ile macho yanafumbuka, miguu inatafuta ndala. Alikuwa anaketi ukingoni mwa kitanda amekunja mikono, kaka anamwambia, "Mke wangu, lala," naye anamjibu, "Nimesahau kunaanzaje." Akaanza kufagia uwanja gizani. Akamaliza wa kwake, akafagia wa kwangu, akahamia wa majirani, mpaka mzee mmoja akaja kuuliza kwa heshima kama kuna kosa familia yake imefanya. Lakini pampu hakuigusa. Aliipita akiwa ameinamisha macho, kama mtu anayepita nyumba ya rafiki waliyegombana naye.

Uzao wa mwisho tuliufanya mchana kweupe. Maji ya saa nane yakavutwa matangi yote, wazazi wakatoa mayai machache kuliko tulivyotaka, tukawagawa. Siku ya tatu Jogoo alimulika, akahesabu kwa hadubini aliyotuachia Mpima Maji, akasema kwa sauti kavu, "Wana magonjwa ya uvivu wote. Wazima." Nikamkumbatia kwa nguvu akanisukuma.

Tukafika siku ya kubadilisha maji. Hili haliahirishwi, wakikaa kwenye maji yaliyochakaa wanadhoofu na kufa wote. Saa sita umeme ukakatika. Tukasubiri. Saa saba, hakuna. Saa nane tukapiga simu, tukaambiwa nguzo imeanguka mbali huko, mafundi wako njiani, na kila mtu anajua njia ya mafundi ilivyo ndefu. Jua likaanza kuinama. Likizama, maji yataanza kuwa makali tena, na yale ya kesho asubuhi tulikwisha jua yanafanya nini.

Jogoo alichukua ndoo mbili, akashuka ngazi, akachota, akapandisha, akamimina tangini kupitia chujio la kitambaa. Akarudi. Tangi moja lilikuwa linahitaji siku nzima ya mtu mmoja, na tulikuwa na matangi manne na wanawake wawili, mmoja mwenye magoti mabovu. Magoti mabovu ni yangu. Kwa hiyo nikatumia kile ambacho si kibovu.

Nilikwenda mpaka kwenye kibaraza cha duka ambako wanaume hucheza drafti. Nikasimama juu ya ubao wao.

"Kamba zenu ni tupu," niliwaambia. "Mbegu zenu ziko mle ndani, hai, na zitakufa kabla ya giza kwa sababu ya ndoo. Si kwa sababu ya moshi, si kwa sababu ya joto. Ndoo! Anayetaka kula kete aendelee kula kete. Anayetaka chaza anyanyuke."

Kete zikamwagika. Wakaja. Wake zao waliposikia wakaja na ndoo zaidi, na madebe, na beseni la kufulia, na mwanamke mmoja alikuja na sufuria lenye mpini mmoja. Walijipanga kutoka ngazini hadi mlangoni, ndoo zinapita mkono kwa mkono, zilizojaa zinakwenda, tupu zinarudi kwa upande mwingine. Jogoo alisimama juu ya kiti mlangoni na sauti yake yote aliyojaliwa na Mungu. "Usiimwage! Wewe mwenye shati la mistari, hiyo ni bahari, si supu! Pole pole chujioni! Haya, inayofuata!" Watu walikuwa wanacheka, wanalowa, wanaimba, wanasukumana. Mara nikamwona katikati ya mstari mwenyekiti mwenyewe, suruali kaikunja mpaka magotini.

"Sijabadili msimamo," alinikatiza kabla sijafungua mdomo. "Nabeba ndoo tu."

"Beba, mwenyekiti," nilimwambia. "Ukishika gia ya kwanza inatosha."

Tulimaliza tangi la nne jua likiwa limegusa maji. Umeme ulirudi tukiwa tumeketi chini tumelowa, na watu waliuzomea.

Baada ya hapo kila mtu akawa na sababu ya kupita karibu. Mmoja amepoteza mbuzi, mwingine anatafuta kivuli, lakini wote walikuwa wanauliza, "Wanaendeleaje?" Mpima Maji alikuja tena, akashauri tupande majani ya baharini karibu na mdomo wa bomba ili yatusaidie kula ule ukali, na wanachama wakayapanda, wakiwa majini hadi kifuani. Lakini binti yule si mtu wa kudanganya. Jioni moja alituambia wazi kwamba hii ni nafuu, si tiba. Moshi ukiendelea hivi, itafika siku hata maji ya saa nane yatakuwa makali.

Jogoo alifikiri kidogo. "Basi wewe nenda ukawaambie wenye moshi," alisema. "Waambie kwa lugha zote unazozijua. Mimi nitawaweka hawa hai mpaka wakusikie."

Mkutano wa kufunga msimu mwenyekiti aliuhamishia ndani ya nyumba ya matangi, akisema anataka kuona kwa macho yake. Yule mfanyabiashara wa saruji naye alikuja mapema, mtu mpole tu, na utepe wa kupimia mkononi. Alisubiri nje kivulini, lakini nilimwona akipima mlango kwa macho. Wanachama walijaa mpaka madirishani. Jogoo alikuwa amevaa nguo zake za heshima na viatu vya mpira vya kazini. Hakutoa hotuba. Alivuta kamba kutoka tangi la kwanza, na maganda ya zamani yaliyofungwa juu yake yakaibuka yakichuruzika. Akalichukua moja, akamkabidhi mwenyekiti pamoja na kioo cha kukuzia.

Mwenyekiti akalisogeza dirishani. Akakunja uso. Akaliinua, akaligeuza upande wa pili.

"Hivi vidoa," alisema, "ndio wao?"

"Viguse," Jogoo alisema.

Akapitisha kidole gumba. Havikufutika. Alipitisha tena, kwa nguvu zaidi, kama anayetaka kubandua, na bado wameshika, kila mmoja na ganda lake dogo gumu, mkubwa kama kichwa cha pini. Ganda moja tu lile lilikuwa limejaa. Jogoo akavuta kamba ya pili, na ya tatu, na ya tangi la pili, na kila iliyotoka ilikuwa imejaa hivyo hivyo, na watu wakaanza kunong'ona, kisha kusema, kisha mtu akapiga ukelele wa furaha madirishani ukaitikiwa mpaka nje barabarani. Kamba za familia zote zilikuwa na cha kuning'iniza. Zilikuwa zinatosha, na nyingine zikabaki.

Mwenyekiti alitafuta gia asiipate. Lile ganda hakulirudisha. Alitoka nalo mlangoni, na sote tukanyamaza ili tusikie.

"Ndugu yangu," alimwambia yule mtu wa saruji, "utanisamehe kwa usumbufu. Nyumba hii haipangishwi. Ina wenyewe."

Kelele zilizolipuka humo ndani zilitikisa mabati. Nilimtafuta wifi yangu katikati ya watu waliokuwa wanarukaruka, nikamkuta kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kiganja kimoja kakilaza kwenye ubavu wa tangi, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Nikachuchumaa mbele yake kwa magoti yangu haya mabovu. Nilitaka kumwambia kwamba mama angemcheka mpaka akae chini, lakini alinitangulia.

Aliinuka, akajipangusa uso kwa mkono, akavuta pumzi.

"Mmeona? Mmeshangilia? Haya, tokeni nje wote," aliwika. "Mnawatia watoto joto!"